Jembe Chini ya Shamba la Tumbaku

Mume wangu aliporudi nyumbani kabisa kutoka machimbo ya dhahabu, alishuka na begi la nguo na mfuko mrefu wa turubai uliofungwa kamba katikati. Kwa jinsi alivyoubeba nilidhani ni bunduki. Alipoufungua sebuleni kwetu Gongoni mjini, katikati ya vitambaa nilivyokuwa nakata, ikatoka fimbo ya chuma yenye sahani nyeusi chini, kiboksi juu, na spika za kuvaa masikioni.

"Ni detekta," alisema. "Ukiipitisha juu ya chuma, au shaba, au dhahabu, inalia."

"Na hapa Gongoni itapata nini cha kulilia?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akakaa chini juu ya kitenge cha mteja wangu, nami nikaenda kumletea maji.

Ndoa yetu ilikuwa imeishi kwa likizo. Tangu tukiwa vijana yeye alikuwa huko kwenye mashimo, mimi nikiwa hapa na cherehani. Alikuja Krismasi, alikuja Pasaka, alikuja kwenye misiba. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaondoka, na siku kifua chake kilipokataa kushuka tena shimoni, tulijikuta ndani ya nyumba moja kama abiria waliokalishwa pamoja, wanaheshimiana na hawana la kuzungumza. Asubuhi alikaa barazani akisikiliza cherehani yangu. Jioni alisema, "Leo umeshona sana," nami nikaitikia, "Eeh, nimeshona." Basi.

Wazazi wangu waliniachia shamba huko Goweko, na kiangazi kilipoingia alisema anataka kwenda kulitembelea na ile mashine. Niliogopa akohoe peke yake porini, asipate wa kumshika. Ndiyo sababu nilimfuata. Sikuwa na sababu nyingine.

Nyuma ya shamba letu inapita njia ya misafara ya zamani. Mgeni hawezi kuiona. Ni mfano wa bonde jembamba linalopita ndani ya miombo, mahali ambapo ardhi imebonyea kidogo na miti ni myembamba kuliko jirani zake. Kwetu tuliiita njia ya mizigo. Babu yake baba yangu alipita humo na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, akarudi na nguo nyeupe na namna ya kuongea Kiswahili iliyowafanya wenzake wamtanie hadi uzeeni. Mimi nilipita humo utotoni nikitafuta uyoga, wala sikuwahi kuwaza kwamba kuna kitu chini ya miguu yangu.

Kwanza mume wangu alikwenda ofisi ya kijiji kuomba ruhusa. Mtendaji alimwambia wazi kwamba vitu vya kale ni mali ya taifa, tukiona chochote cha maana tupeleke. Alikubali. Kisha akaniweka zile spika masikioni, akanipa fimbo, akasema, "Tembea taratibu. Usiinyanyue. Kama unafagia."

Dunia ikanyamaza. Sikusikia ndege wala upepo, nilisikia mlio mmoja mwembamba tu, kama mbu aliye chumba cha pili. Nikafagia. Majani makavu yalivunjika chini ya viatu vyangu bila kutoa sauti. Moshi wa watu waliochoma mapori ulikuwa umetanda angani, jua likawa la rangi ya chai ya maziwa, na kila mti ulikuwa na kivuli kisichokuwa na ukingo. Sijui nilikwenda umbali gani. Ghafla ule mlio ukashuka, ukawa mzito, kama mtu anayeguna usingizini.

Nilirudi nyuma. Mume wangu alikuwa anacheka, akaninyooshea kidole nipite tena. Nikapita. Mtu akaguna tena.

Alipiga magoti akachimba kwa mikono. Kilitoka kizibo cha soda.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumamosi tulipanda treni au gari lolote linaloelekea huko, na michembe yetu ya viazi vilivyokaushwa na chupa ya chai, tukashinda kwenye ile njia mpaka jua lilipolegea. Tulipata misumari, betri zilizooza, vizibo kwa wingi, na siku moja moja kitu kingine. Tulipata gololi ya risasi ya bunduki ya zamani, nzito kama jicho la samaki mkubwa. Tulipata kipande cha waya mnene wa shaba uliosokotwa, wa aina waliyovaa wanawake miguuni. Tulipata njuga. Mume wangu aliitikisa, ikatoa punje ya udongo, akaitikisa tena, ikalia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu. Tulitazamana. Mtu fulani alikuwa ameifunga mguuni ili wenzake wamfuate, na mlio wake wa mwisho kusikiwa na binadamu ulikuwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Vyote vitatu tulivipeleka kwa mtendaji vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa.

Dhahabu pia alinionyesha. Kuna korongo dogo upande wa pili wa shamba, na mchanga wake aliuchota kwenye karai, akauzungusha na maji polepole, maji yakibeba cheupe na kuacha cheusi. Mwisho, pembeni kabisa mwa ule weusi, kilibaki kidoa kimoja cha njano, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Alikichukua kwa ncha ya jani akakiweka juu ya ukucha wangu.

"Hii ndiyo niliyokuwa naifuata miaka yote ile," alisema.

Niliutazama ukucha wangu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kilikuwa kizuri mno. Upepo ulipopita kikaenda nao, na hakuna kati yetu aliyekitafuta.

Habari za mashine zilifika mjini kabla yetu. Watu wakaanza kuja barazani na hadithi za masanduku ya Wajerumani: huyu ana ramani kichwani, yule bibi yake aliona yakizikwa. Mume wangu aliwakaribisha chai na kuwakatalia wote. Alisema mashimo ya tamaa alishayachimba ya kumtosha.

Kisha akaja mwanamke mmoja kutoka Ulyankulu. Alikuja kwangu kwa ajili ya sare za kwaya ya kigango chao. Alikuwa mtu mzima, wa umri wa kuwa na wajukuu wachanga, mpole, anayepanga maneno yake. Nilikuwa nampima mabega alipoiona fimbo imeegemezwa ukutani akauliza ni nini. Nilimweleza. Aliitazama, mikono yake bado imenyooka kwa ajili ya kupimwa.

"Inaweza kusikia jembe?" aliuliza.

Nikamwita mume wangu. Yule mwanamke akakaa, akatueleza.

Mama yake alifika Ulyankulu miaka ya sabini akiwa msichana aliyeolewa karibuni, wamekimbia mauaji kwao Burundi, yeye na mumewe na mtoto wao wa kwanza mgongoni. Kulikuwa pori tupu. Walilala chini ya maturubai wakisubiri kugawiwa viwanja. Katika wiki hizo za mwanzo mtoto alipata homa, akafa. Makaburi yalikuwa hayajatengwa. Baba alimchimbia mwanawe kando ya mahema kwa jembe pekee walilotoka nalo kwao, na alipokuwa anamalizia, mpini ukavunjika.

"Baba alitaka kulitia mpini mwingine. Mama akakataa. Alisema jembe hilo halitalima mahindi. Wakalilaza juu yake, wakafukia. Baadaye walihamishiwa kijiji kingine ndani ya makazi. Msalaba ulikuwa wa mti, mchwa wakaula. Pori likafyekwa. Baba amefariki. Sasa mama anasema hawezi kwenda kulala kaburini bila kujua mwanawe yuko wapi. Kila mwaka anatuambia tumtafutie, na sisi hatujui pa kuanzia."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Dada," alisema, "siwezi kukuahidi. Ardhi ile inapitiwa na njia ya mizigo ya kwenda Ujiji. Chuma kiko kila mahali."

"Sitaki uniahidi. Nataka mama akuone unatafuta."

Tulikwenda wiki iliyofuata. Mama mwenyewe alitungoja nje ya nyumba yake, ameketi kwenye mkeka, mwembamba, amejifunga kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia pamoja.

"Marahaba, wanangu." Aliigusa ile sahani ya detekta kama mtu anayepima joto la mtoto. "Huyu ndiye anayesikia?"

"Ndiye, bibi."

"Haya. Twendeni basi, jua lisije likatupita."

Mahali ambapo wazee wa kijiji walikumbuka mahema yalisimama sasa palikuwa shamba la tumbaku lililokwisha kuvunwa. Matuta yalikuwa bado yamesimama, na bani, jengo la kukaushia majani, lilikuwa tupu, mlango wazi. Mwenye shamba, mwanamume mnene mwenye kofia ya pama, alikuwa ameshaambiwa na ofisi ya kijiji. Alitusalimia akasimama pembeni na mikono nyuma. Bibi alizungushwa taratibu akiwa ameshikwa na binti yake. Alikumbuka mninga mkubwa, lakini mninga ulishakatwa. Alikumbuka kichuguu, na vichuguu vilikuwa vingi. Alikumbuka kwamba kutoka kaburini aliona jua likizama kwenye pengo la vilima viwili, na hilo pengo lilikuwepo bado. Alisimama akilitazama, akasogea, akasimama tena.

"Ni upande huu," alisema mwisho. "Au moyo wangu unasema ni upande huu."

Mume wangu akavaa spika, akaanza kufagia tuta baada ya tuta. Chuma kilikuwa kila mahali, kama alivyosema. Ilitoka misumari, mifuniko ya makopo ya chakula cha msaada, vigingi vya mahema. Kila kitu kilipotoka bibi alikiomba, akakishika, akakitaja. "Hili kopo la mafuta. Tulilinywea maji." Alivipanga kandoni mwake juu ya kitenge, na kwa kadiri vilivyoongezeka nilianza kuona mahema yale yakisimama tena kwenye matuta, na wanawake wakiwasha moto kati yake. Joto lilikuwa linatetemesha hewa. Nilikuwa sina uhakika tena ni watu wangapi wako shambani.

Mchana mashine ikaguna kwa nguvu. Mume wangu alichimba, safari hii polepole, kwa vidole, na sote tulikusanyika. Kikaonekana chuma kipana. Binti akashika mdomo wake. Kikatoka jembe.

Lilikuwa na umbo la moyo, limekuwa jembamba kwa kutu, na nyuma lilikuwa na mkia mrefu uliochongoka. Bibi akalipokea mapajani. Alipitisha kidole ukingoni, akalipindua, akalipindua tena. Sijaona mtu akitaka kitu namna ile.

"Si letu," alisema. "Hili limefuliwa na mtu mwingine. La zamani sana." Akalipangusa udongo kwa ncha ya kitenge kabla ya kulirudisha. "Na huyu naye alikuwa na mtu wake."

Lilikuwa jembe la Kinyamwezi, la aina iliyofuliwa kabla ya majembe ya madukani kuja, ambayo watu wa misafara waliibeba kubadilishana na chakula. Siku nyingine mume wangu angeruka kwa furaha. Siku hiyo aliliweka kando kwa ajili ya ofisi ya kijiji, akakaa juu ya tuta na kukohoa hadi machozi yakamtoka. Nilimsugua mgongo. Binti alimwambia, "Baba, imetosha. Mama amekuona ukitafuta." Bibi alikuwa anatazama pengo la vilima.

Tulilala kwao. Alfajiri niliota niko kwenye njia ya mizigo, na watu wananipita pande zote mbili, wa kwenda na wa kurudi, wengine na pembe, wengine na mikeka kichwani na watoto mgongoni, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Hakuna aliyekuwa na sauti. Nilipoamka jogoo walikuwa wanawika, na mume wangu alikuwa ameketi kitandani akijaribu kupumua.

"Leo nitafagia mimi," nilimwambia.

Alinitazama. "Unajua kuisikiliza?"

"Umenifundisha wewe."

Asubuhi ile shamba lilikuwa na umande, na jua lilikuwa bado chini. Nilianza pale bibi aliposimama jana mara ya mwisho, nikaelekea chini kidogo, kwenye mfereji kati ya matuta ambapo mume wangu hakuwa amefika. Mlio mwembamba ulinijaa kichwani. Nilifumba macho, maana niligundua kwamba nikiyafumbua natafuta kwa macho. Nikafagia. Nikapiga hatua. Nikafagia. Nilimsikia mbu wa chumba cha pili, na kwa mbali sana, kama aliyegeuka upande wa pili wa kitanda, mtu akaguna.

Mguno ulikuwa mpana. Nilivuka juu yake kwa urefu, nikavuka kwa upana, sauti ikanieleza umbo lake. Nikainua mkono.

Mume wangu alikuja akalala kifudifudi kabisa, shavu karibu na ardhi, akawa anaondoa udongo kwa viganja. Nilimjua mtu huyu kwa miaka mingi na sikuwahi kuona anavyochimba. Mikono yake ilikuwa inaomba ruhusa. Alichimba mpaka kiwiko kikazama, kisha akasimama.

"Bibi," aliita. "Njoo uguse. Mimi nisiendelee."

Binti na mimi tulimshusha bibi chini. Alilala vile vile kama mume wangu alivyolala, akaingiza mkono. Tuliona bega lake likitembea. Chini kule vidole vyake vilikuwa vinazunguka kitu, vinakizunguka tena.

"Waya," alisema. "Baba yao alilizungushia waya shingoni lisichomoke kwenye mpini. Nilimshikia mimi huo waya." Kisha akamwita mwanawe kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu kabisa, "Mwananje. Mwananje."

Hakulia. Alibaki pale mkono wake ukiwa ndani ya ardhi mpaka jua lilipotufikia sote, na hakuna aliyemwambia ainuke. Mwenye shamba alivua kofia yake. Baada ya muda alimsogelea mume wangu, akasema kwa kunong'ona, "Nimelima hapa tangu nimenunua. Plau ya ng'ombe inapita hapo hapo juu. Sikujua."

"Ungejuaje?" mume wangu alimjibu.

"Sitapitisha plau tena. Waambie waweke alama, mimi nitazungusha matuta."

Jembe halikutolewa. Mume wangu na mwenye shamba waliurudisha udongo, wakabeba mawe kutoka korongo moja la jirani na kuyapanga. Yalikuwa mawe machache, mstari mfupi. Ndipo nilipoona jinsi kaburi lile lilivyokuwa dogo, nikageuka nikatazama bani.

Mchana alikuja katekista na wanakwaya kadhaa, na ndugu wote waliokuwa karibu, watu wazima na watoto wao. Mimi ni Moravian, nyimbo zao sikuzijua zote, lakini niliimba nilizoweza. Katekista alifungua kitabu chake, akatafuta mahali, akamgeukia bibi kwa heshima.

"Mama, tumwombee kwa jina gani?"

Bibi akalitaja.

Sitaliandika hapa, ni lao. Ninachokumbuka ni kwamba upepo haukuwepo, na kila mtu alilisikia. Niliona watoto wake, wenye mvi wengine, wakitazamana. Yule binti aliyekuja kwangu kupimwa sare alimsogelea mama yake akapiga magoti.

"Hukuwahi kutuambia jina lake," alisema.

"Nilikuwa sina mahali pa kuliitia," mama yake alijibu.

Binti akalirudia, kwa uangalifu, kama anayejifunza neno la lugha ngeni. Kaka yake akalirudia. Wajukuu wakaambiwa nao waseme, wakasema, wadogo wakakosea, wakasahihishwa, wakasema tena. Kisha katekista akaanza sala.

Tulikula maharage na ndizi chini ya kivuli cha bani. Bibi alikula vizuri, akaomba aongezwe. Tulipoaga alitushika mikono akatushukuru kwa Kirundi, "Urakoze," mara nyingi, na kwa mume wangu akaongeza kwa Kiswahili, "Kifua hicho ukinywee asali. Ya miombo, siyo ya dukani." Akatupa galoni ndogo ya asali, ingawa tulikataa.

Mvua zilipokuja bibi alilala, asubuhi moja, bila kuumwa. Tulikwenda kumzika. Walimweka pale pale, kwenye kona ya shamba, na matuta ya tumbaku yalipinda kuwazunguka wote wawili, yakiwa na miche michanga iliyopandwa wiki ile.